Kupanga chuo na kazi ukiwa bado sekondari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi, wazazi na walimu niliokaa nao katika kazi ya ushauri nasaha. Kila mwaka yanarudi, maneno tu ndiyo yanabadilika. Si lazima usome yote kwa mfululizo. Tafuta lako, na pale jibu linapogusa swali jingine nimekuelekeza uende huko.

## Kuanza

Nianze kupanga lini?

Miaka miwili au mitatu kabla ya kumaliza sekondari, na sababu kubwa ni masomo unayochagua. Mwanafunzi huacha fizikia kwa kuwa haelewani na mwalimu, kisha baada ya miaka miwili anagundua kwamba uhandisi anaoutaka unadai fizikia. Udaktari na famasia kwa kawaida hudai kemia na biolojia. Uchumi wa chuo kikuu una hisabati nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa hiyo katika hatua hii huhitaji kujua utakuwa nani. Unahitaji kujua ni milango gani inafungwa ukiacha somo fulani, na kama uko tayari ifungwe. Kabla ya kuacha somo lolote, chukua kozi tatu unazozifikiria hata kwa mbali, usome sifa za kujiunga za kila moja. Kazi hiyo ni ya saa moja tu.

Kama muda umeshakutupa mkono, nenda kwenye swali la waliobakiza miezi michache.

Sijui ninachotaka kuwa. Nina tatizo?

Huna. Wengi wa wanaojibu haraka wanataja kazi walizoziona nyumbani, shuleni, hospitalini au kwenye televisheni. Shirika la Kazi Duniani, katika mpangilio wake wa kazi wa mwaka 2008, limeorodhesha makundi madogo 436 ya kazi. Kijana wa sekondari akiniorodheshea 30 bila kusitasita, huyo anajua nyingi.

Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alisema uchaguzi mzuri una mambo matatu: kujijua, kuzijua kazi, kisha kuyapima hayo mawili kwa pamoja. Zaidi ya miaka 100 imepita na mimi bado naanzia hapo hapo. La kwanza ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa kuwa kila mtu anaamini anajijua.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Kila jioni andika mistari miwili kwenye daftari: kitu kilichokusahaulisha saa siku hiyo, na kitu kilichokuchosha hata kabla hujakianza. Usiandike ndoto, andika kilichotokea. Kijana mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba anataka uandishi wa habari. Tulipofungua daftari lake tulikuta "nilipanga ratiba ya mechi za madarasa", "nilikokotoa wastani wa matokeo yetu", "nilihesabu michango ya safari mara mbili nikapata kosa". Katika mistari 14 ya vitu vilivyomsahaulisha saa, 9 ilikuwa na namba ndani, na hakuna hata mmoja wenye habari iliyoandikwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuna watu wanaolipwa kwa kazi ya kuhesabu vitu. Wapo, wanaitwa watakwimu, na hajawahi kulisikia jina hilo.

Vipimo vya mtandaoni vya kuchagua kazi vinafaa?

Vinafaa kufungua mazungumzo, havifai kuamua. Vingi vinatokana na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, aliyeanza kueleza nadharia yake mwaka 1959. Aligawa mielekeo ya watu katika makundi sita: wapenda kazi za mikono na vifaa, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa watu, washawishi, na wapanga kumbukumbu na taratibu. Watu wengi wana mchanganyiko wa mawili au matatu.

Kipimo cha bure ninachokitumia ni cha O*NET, hazina ya taarifa za kazi ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Toleo lake fupi lina maswali 60. Kumbuka linapima unachokipenda, halipimi unachokiweza. Likikutajia kazi usiyoijua, hiyo ndiyo faida yake kubwa: nenda ukasome kazi hiyo inafanya nini.

Nifuate ninachokipenda au kinacholipa?

Swali hili linachukulia kwamba unajua vyote viwili, na kwa umri wako hujui. Mapenzi ya kitu huongezeka kadiri unavyokimudu. Na mishahara unayotajiwa mara nyingi ni ya waliofika juu, si ya anayeanza. Mimi hushauri vipimo vitatu: je, unaweza kuvumilia sehemu inayochosha ya kazi hiyo, kuna watu wanaolipa ili ifanyike, na unajifunza haraka unapoigusa? Kazi inayopita vipimo vyote vitatu ifuatilie. Ikipita kimoja tu, endelea kutafuta.

## Kuijua kazi yenyewe

Nitajuaje kazi ikoje kabla ya kuisomea miaka minne?

Kaa na anayeifanya. Hakuna njia nyingine inayoikaribia hii. Omba siku moja ya kumfuata akiwa kazini, na kama haiwezekani, dakika 15 za simu zinatosha kuanza.

Usimuulize kama anaipenda kazi yake, atakujibu kwa adabu. Muulize jana alifanya nini tangu alipofika hadi alipoondoka. Muulize watu wanaoacha kazi hii huiacha kwa sababu gani, na angekuwa na umri wako leo angesoma nini. Halafu nyamaza umsikilize.

Msichana mmoja niliyemsaidia alitaka kuwa daktari wa mifugo kwa sababu anapenda wanyama. Alikaa siku tatu kwenye kliniki. Siku ya kwanza alimwona daktari akimhudumia mbwa kwa dakika 10, kisha akazungumza na mwenye mbwa kwa dakika 40: anamweleza ugonjwa, anamtuliza, wanajadiliana kuhusu gharama. Jioni alinipigia simu akisema, "Mwalimu, kumbe kazi ni ya watu." Siku ya tatu alirudi akiwa na hamu kubwa zaidi, ila kwa sababu tofauti na aliyokwenda nayo. Hilo pia ni jibu, na amelipata bila kulipa ada ya hata muhula mmoja.

Simjui mtu yeyote katika fani ninayoitaka. Nifanyeje?

Unamjua mtu anayemjua. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao. Asilimia 16.7 tu walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 na mtu ambaye huonana naye kwa nadra. Sababu inaeleweka: rafiki yako wa karibu anayajua yale yale unayoyajua wewe.

Basi waambie watu watano wasio wa karibu sana unatafuta nani: mwalimu wa zamani, jirani, mzazi wa mwenzako, binamu wa mbali. Ukipata namba ya simu, andika ujumbe mfupi wenye ombi dogo na lililo wazi, kwa mfano:

"Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, nafikiria kusomea upimaji wa ardhi. Mwalimu wangu wa jiografia ndiye aliyenipa namba yako. Naomba dakika 15 za simu siku utakayopata nafasi, nikuulize maswali matatu kuhusu kazi yako."

Wengi hujibu. Asipojibu baada ya wiki, kumbusha mara moja kisha utafute mwingine. Ukishazungumza naye, mshukuru siku hiyo hiyo, na ukifika chuo mjulishe.

Akili mnemba (AI) si itazimaliza kazi zote ninazozifikiria?

Jihadhari na namba kubwa. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko katika hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliofanywa kwa ajili ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha hasa nchi tajiri, ulipata wastani wa asilimia 9 kwa nchi 21. Tofauti ilitokana na jinsi walivyohesabu: wa kwanza waliipima kazi kama kitu kimoja, wa pili walizipima shughuli mbalimbali zilizomo ndani ya kazi moja.

Njia ya pili ndiyo itakayokusaidia wewe. Usiulize kama uhasibu utakufa. Andika shughuli 10 anazozifanya mhasibu kwa wiki, kisha tazama ni zipi mashine inazifanya tayari na ni zipi zinahitaji mtu wa kuwajibika, kukagua au kuelewana na watu wengine. Kozi inayokufundisha kundi la kwanza peke yake ni ya kuogopwa.

## Kuchagua kozi na chuo

Nichague kozi kwanza au chuo kwanza?

Kozi kwanza. Jina la kozi pia linaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza hufanana karibu kila mahali. Kozi mbili zenye jina moja la "sayansi ya kompyuta" zinaweza kutofautiana sana: moja imejaa hisabati, nyingine imejaa kuunda programu.

Ukitaka kuonja somo, tafuta mihadhara ya bure. Chuo cha MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka vifaa vya kozi zake wazi kwenye intaneti, na vyuo vingine vingi vimefuata. Tazama mhadhara wa tatu, si wa kwanza. Wa kwanza umetengenezwa kukuvutia.

Nitahakikishaje kwamba chuo kinatambulika?

Usitegemee tovuti ya chuo chenyewe. Nenda kwa mamlaka inayosimamia elimu ya juu katika nchi kilipo chuo, usome orodha yake. Hakiki ithibati, yaani kibali rasmi cha ubora, ya chuo na pia ya kozi. Kwa uuguzi, uhandisi, sheria, famasia na ualimu kuna hatua nyingine: waulize bodi ya taaluma hiyo, katika nchi unayotaka kufanyia kazi, kama shahada ya chuo hicho itakuruhusu kusajiliwa. Nimemwona mhitimu mwenye cheti halali asiyeweza kusajiliwa, na hakuna maneno ya kumfariji mtu wa namna hiyo.

Mafunzo ya ufundi si ya walioshindwa shule?

Hapana, na natamani kauli hiyo tuiache. Uswisi, takriban vijana wawili kati ya watatu wanapomaliza elimu ya lazima huingia mafunzo ya ufundi, wengi wao kupitia uanagenzi: siku kadhaa kazini wakilipwa, siku moja au mbili darasani. Ujerumani ina mfumo wa aina hiyo hiyo. Fundi umeme, fundi wa mitambo ya kupoozea au wa vifaa vya hospitali anaanza kupata kipato mapema, na pengi anaweza kuendelea hadi stashahada na shahada baadaye. Kitu cha kuuliza kabla ya kujiunga ni kimoja: njia ya kuendelea ipo, au cheti hiki kinaishia hapa?

Niombe vyuo vingapi?

Inategemea mfumo. Uingereza, kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa kuomba vyuo, mwisho ni machaguo matano, na kwa kawaida huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kwingine hakuna kikomo ila gharama ya maombi. Ninachosisitiza ni mchanganyiko: viwili ambavyo alama zako zinazidi mahitaji, viwili mnalingana, na kimoja au viwili vya kujaribu bahati. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mwanafunzi kujaza vya bahati vitupu. Chuo cha uhakika nacho kichague kwa makini, maana huenda ndiko utakakosoma.

## Maombi

Maombi yanachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyodhani, na hili limepimwa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo wangemaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Wastani wa muda waliotumia ulikuwa siku 55.5.

Kwa hiyo andika tarehe ya mwisho ya kila chuo kwenye karatasi moja, urudishe kila tarehe nyuma wiki tatu, na hiyo ya nyuma ndiyo uifuate. Anza na vitu vilivyo mikononi mwa watu wengine: cheti cha kuzaliwa, nakala za matokeo, pasipoti, barua za walimu. Hakikisha jina lako limeandikwa herufi kwa herufi sawa kwenye kila hati, kwa sababu kurekebisha jina kunaweza kuchukua miezi. Kama unahitaji mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL, matokeo yake hutumika kwa miaka miwili, basi usiufanye mapema mno.

Insha ya kujieleza niandike nini?

Andika jambo moja dogo lililotokea kweli. Insha kuu ya Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ni maneno 250 hadi 650, nafasi isiyotosha kusimulia maisha yako yote. Wanafunzi wengi huniletea sentensi kama hii: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mhandisi ili niisaidie jamii yangu." Msomaji wa maombi ameshaisoma mara nyingi mno. Mmoja, baada ya kuiandika upya mara tano, alifika hapa: "Pampu ya maji ya shule iliharibika mara tatu muhula ule. Mara ya tatu nilimwomba fundi aniache niifungue mwenyewe." Sasa kuna mtu anayetaka kuendelea kusoma.

Je, akili mnemba ikuandikie? Hapana. Vyuo vingi vinakataza, na hata pale pasipokatazwa utapata insha isiyo na pampu ndani yake. Kukuulizia maswali au kukuonyesha makosa ya tahajia ni jambo jingine, ila soma masharti ya chuo kwanza.

Barua ya mapendekezo niiombe kwa nani?

Kwa mwalimu anayekufahamu, hata kama hana cheo kikubwa. Mpe wiki nne, pamoja na ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya kwenye somo lake, maana ana wanafunzi wengi.

## Fedha

Nihesabu gharama zipi zaidi ya ada?

Malazi, chakula, usafiri, bima, vitabu, vifaa vya maabara au kompyuta, mazoezi kwa vitendo, na viza kama unakwenda nje. Zizidishe kwa miaka yote ya kozi. Familia nyingi huhesabu mwaka wa kwanza tu, na kijana hukwama mwaka wa pili.

Ukipata ufadhili, soma masharti ya kuuendeleza kabla ya kusherehekea: unadai wastani gani wa alama, unalipa nini hasa, na ukibadili kozi unaendelea? Kwa mkopo, uliza utaanza kulipa lini, riba inaanza kuhesabiwa lini, na ukikosa kazi itakuwaje. Anayekudai malipo ili "akuhakikishie" ufadhili ni tapeli, usimtumie hata senti wala nakala ya pasipoti yako.

## Hali zisizo za kawaida

Wazazi wanataka udaktari, mimi sitaki.

Kwanza ujue wanachokiogopa. Mara nyingi hawaupendi udaktari wenyewe, wanaogopa usije ukahangaika kutafuta kazi kama walivyohangaika wao. Usiende kubishana mikono mitupu. Nenda na kozi unayoitaka ikiwa kwenye karatasi: sifa za kujiunga, gharama, kazi tatu wanazozipata wahitimu, na mtu mmoja mzima anayeifanya ambaye yuko tayari kuzungumza nao. Mara nyingi mtu huyo ndiye anayebadilisha hali ya hewa nyumbani. Na wewe pia uwe tayari kusikia hoja yao, huenda wameona kitu.

Nimebakiza miezi michache na sijafanya lolote.

Acha vipimo, acha kutafuta kazi ya maisha. Wiki hii andika kozi sita ambazo masomo yako ya sasa yanaruhusu. Wiki ijayo zungumza na watu wawili. Ya tatu, kusanya hati na ujaze maombi ya vyuo ambavyo havijafunga dirisha. Chagua kozi pana inayoacha nafasi ya kubadilika baadaye.

Matokeo yamekuja mabaya.

Jipe siku mbili za kulia, halafu uliza mambo kwa mpangilio huu: kusahihishwa upya kunawezekana na tarehe ya mwisho ni lini, chuo ulichoomba kina kozi ya karibu yenye sifa za chini kidogo, kuna mwaka wa maandalizi au stashahada inayokuingiza kwenye shahada ile ile, kurudia somo moja kutachukua muda gani. Piga simu chuoni mwenyewe, mapema asubuhi. Dirisha la kusahihishwa upya huwa fupi sana, ndiyo maana nimelitaja la kwanza.

Nina ulemavu. Niwaambie chuo?

Ndiyo, na mapema, kwa ofisi inayohusika na huduma hizo. Muda wa nyongeza kwenye mitihani, maandishi makubwa au mkalimani wa lugha ya alama huhitaji vielelezo vya kitabibu, na pengine vya hivi karibuni. Ukiweza, tembelea chuo uone njia zenyewe, maana picha za kwenye tovuti hazionyeshi ngazi.

Nimeshaanza kozi na naona nimekosea.

Tofautisha kuichukia kozi na kuuchukia mwaka wa kwanza. Upweke, mji mgeni na somo moja gumu vinaweza kukufanya uichukie kozi nzuri. Soma tena orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, kama tulivyosema kwenye swali la kozi na chuo, na uzungumze na mwanafunzi aliyekutangulia. Kama bado moyo haupo, nenda ofisi ya udahili uulize mambo mawili: tarehe ya mwisho ya kubadili, na ni masomo mangapi uliyofaulu yatakayohamishika. Peleka pia barua yako ya ufadhili au mkopo, kwa kuwa hapo ndipo wengi huponzwa: wanabadili kozi Jumatatu, na Ijumaa wanaambiwa ufadhili ulikuwa wa kozi ile ya kwanza.